Vigae vya kioo vinabanduka kwenye meza ya nje: kosa liko wapi?

*"Miezi saba iliyopita nilitengeneza meza ya duara ya kuweka nje, kipenyo sentimita 60. Uso wake ni mbao tatu nzima za unene wa sentimita 2, zimeungwa ubavu kwa ubavu. Nilibandika vigae vya kioo vya sentimita 2 kwa 2, na katikati nikapanga ua la vipande vya vigae vya ukutani nilivyovivunja kwa nyundo. Gundi niliyotumia ni ile nyeupe ya mbao. Baada ya siku mbili nikajaza grauti, ile saruji ya kuziba mianya kati ya vigae. Meza ilikaa vizuri mpaka mvua zilipoanza. Sasa vigae vya kioo vinatoka vyenyewe, mgongo wake safi kana kwamba havikuwahi kuguswa na gundi. Vile vya ukutani vimeshika, ila uso wake una mistari myembamba kama utando wa buibui. Grauti imepasuka mistari miwili mirefu iliyonyooka. Nimeambiwa kioo si cha nje, ningetumia mawe. Wengine wanasema nibandike upya kwa epoksi, ile gundi kali ya kuchanganya sehemu mbili, kisha nipake vanishi meza nzima. Lipi ni sahihi? Na vigae vyangu vinaokoleka?"*

Pole kwa kazi iliyoharibika. Umeeleza dalili zako vizuri kiasi kwamba chanzo kinasomeka hata bila kuiona meza. Nianze na jibu fupi: kioo hakina kosa. Kosa ni mbao iliyo chini yake, likifuatiwa na gundi. Epoksi na vanishi juu ya mbao hiyohiyo vitakununulia miezi michache tu. Vigae vyako vya kioo vinaokoleka karibu vyote. Vile vya ukutani, nitakueleza kwa nini nisingevihangaikia.

Tuanze na ile mistari miwili. Mbao tatu zina maungio mawili, na grauti yako imepasuka mara mbili kwa mstari ulionyooka. Sidhani kuna haja ya kutafuta zaidi. Mbao hairefuki wala kufupika kwa urefu wake kiasi cha kuonekana, lakini kwa upana, yaani kukatiza nyuzi zake, inavimba ikinywa unyevu na kusinyaa ikikauka. Badiliko la asilimia 1 tu kwenye upana wa sentimita 60 ni milimita 6. Juu ya mbao hiyo umeweka gamba gumu la kioo na saruji ambalo halivutiki hata nusu milimita. Lazima kitu kiachie, na kinachoachia huwa ni sehemu dhaifu kuliko zote: kwanza grauti kwenye mstari wa maungio, kisha gundi chini ya vigae vya jirani.

Watu wengi hulaumu jua hapa. Hebu tupige hesabu. Kioo cha kawaida hutanuka takriban sehemu 9 kwa milioni kwa kila nyuzi 1 ya joto. Meza ya milimita 600 ikipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lile la alfajiri, kioo kinatanuka milimita 0.2 hivi. Zege na saruji hutanuka kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Kwa hiyo kioo na saruji vinakwenda pamoja kama watu waliozoeana mwendo. Anayekwenda njia yake ni mbao, na kinachomsukuma ni maji.

Dalili ya pili ni migongo safi. Gundi nyeupe ya mbao hukauka kwa kupoteza maji yake tu. Ukiibana kati ya mbao na kipande cha kauri chenye vinyweleo, maji yanatoka pande zote mbili na gundi inashika. Ukiibana chini ya kioo, upande mmoja umefungwa kabisa. Maji hutoka kupitia mbao na mianya tu, na ukishaijaza mianya kwa grauti baada ya siku mbili, umefunga hata njia hiyo. Gundi iliyogusa kioo haikupata kukomaa. Halafu gundi ya aina hii ikiloa tena hulainika na kugeuka maziwa. Ndiyo maana utando wa gundi umebaki kwenye mbao na kioo kimetoka kikavu. Ukitaka kuhakikisha, weka tone la maji juu ya gundi iliyobaki, uiache dakika 30, kisha ikwaruze kwa ukucha. Ikiwa nyeupe na laini, umepata jibu.

Na hii inaeleza jambo lililoweza kukushangaza, kwamba kigae cha bei ndogo cha ukutani kimeshika kuliko kioo. Kimeshika kwa sababu kinanyonya. Lakini kunyonya huko ndiko kunakokiua. Vigae vya ukutani vyenye ung'ao, yaani tabaka la juu linalong'aa kama kioo, kwa kawaida hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Udongo wake ukishiba unyevu huvimba kidogo sana, ung'ao wa juu hauvimbi nao, unavutika mpaka unakatika katika mistari ile ya utando wa buibui. Mistari hiyo haifutiki wala haizibiki. Kila mvua itaingiza maji na uchafu zaidi, na mahali penye baridi ya kugandisha, barafu humalizia kazi kwa kubandua ung'ao magamba magamba. Ungetumia vigae vya kauri ngumu, ile inayonywa maji asilimia 0.5 au pungufu, usingeiona dalili hii.

Sasa hayo uliyoambiwa.

"Kioo si cha nje." Si kweli kwa kioo cha kisasa cha mozaiki, yaani mapambo ya vipande vidogo vilivyopangwa kama vyako. Mabwawa ya kuogelea yamejaa vigae vya ukubwa uleule wa kwako, na vinakaa chini ya maji mwaka mzima. Ila nisimdharau aliyekuambia, maana vipo vioo vilivyoharibiwa na hewa. Juu ya Lango la Dhahabu la Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus mjini Prague kuna mozaiki ya Hukumu ya Mwisho iliyotengenezwa mwaka 1370 na 1371. Kioo chake kina potasiamu nyingi. Mvua na hewa chafu viliinyofoa taratibu, na uso ukafunikwa na tabaka jeupe lililoficha picha, hadi ilipofanyiwa kazi kubwa ya uhifadhi katika miaka ya 1990. Kioo cha leo kimetengenezwa kwa mchanganyiko mwingine na hakina ugonjwa huo. Na kuhusu kauri yenye ung'ao, benchi refu la bustani ya Park Güell mjini Barcelona, lililofunikwa kwa vipande vya vigae vilivyovunjwa, limekaa nje tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Chini yake hakuna mbao.

"Tumia mawe." Mawe ni mazuri, lakini yana masharti. Marumaru halisi ni jiwe la chokaa lililobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Tone la limau, siki au soda huila na kuacha doa lisilo na mng'aro. Kwa sakafu au ukuta, sawa kabisa. Kwa meza ya kulia, unahitaji kuwa mtu wa kufuta haraka.

"Paka vanishi." Hili nalikataa bila kusita. Kioo hakihitaji vanishi, na vanishi haishiki vizuri juu ya kioo. Jua litaibambua na kuifanya njano. Baya zaidi, maji hayapiti juu tu. Yanaingia ubavuni mwa meza, chini ya mbao, na kwenye kila ufa mdogo. Ukishafunga juu, yaliyoingia hayana pa kutokea, na meza inaoza kwa ndani huku uso ukimetameta. Kumbuka pia kwamba grauti ya saruji haizuii maji. Inazuia uchafu na inabana vigae visitikisike, unyevu hupenya. Anayetakiwa kuvumilia unyevu ni kila kitu kilicho chini yake.

Epoksi ni suala la hesabu zaidi. Kweli inashika kioo na haiogopi maji. Juu ya mbao nzima inayovimba, hata hivyo, vigae vitashika imara na mbao itaendelea kusogea. Badala ya kigae kubanduka, kitapasuka, au grauti itakatika tena palepale. Na siku ukitaka kuvitoa, hutavitoa vikiwa vizima.

Una njia tatu, na sioni aibu katika yoyote. Ya kwanza ni kuiingiza meza ndani. Kausha wiki mbili au tatu kwenye kivuli penye hewa, rudisha vigae vilivyotoka kwa gundi inayoshika kioo, jaza mianya, uitumie mahali pasiponyesha. Nyufa mbili zitarudi kidogo kila msimu, ila vigae vitakaa. Ya pili ni kuhamishia vigae kwenye ubao wa saruji. Ya tatu ni kumwaga zege. Bamba la zege la kipenyo hicho na unene wa sentimita 4 lina uzito wa kilo 27 hivi; ni la kudumu, lakini miguu iliyobeba mbao huenda isiliweze, na meza ikipinduka juu ya mguu wa mtoto si mzaha. Ningechagua ya pili.

Kuviokoa vigae: loweka uso wote wa meza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, au ufunike kwa taulo zilizoloa na plastiki juu, siku moja hadi mbili. Gundi nyeupe italainika. Ingiza kisu butu chini ya kigae, ukisukuma sambamba na mbao. Usibinue, kioo hukatika pembeni kikibinuliwa. Mabaki ya grauti yaliyoganda ubavuni yaloweke kwenye siki usiku kucha, kisha yasugue kwa brashi ngumu. Siki ni salama kwa kioo, lakini ukiwa na vipande vya marumaru usivitie humo. Kilichobaki kikaidi kikwangue. Mgongo uwe hauna hata utando wa gundi ya zamani, kwa sababu gundi mpya itashika huo utando na si kioo. Suuza, kausha, hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Eneo la duara lako ni mita za mraba 0.283. Kigae cha milimita 20 na mwanya wa milimita 2 huchukua nafasi ya milimita 22 kwa 22, kwa hiyo duara zima linahitaji vigae 584. Pembeni mwa duara kila kigae hukatwa na vingine huvunjika, basi uwe na 660 hivi. Kwa kuwa nakushauri uache vipande vya ukutani, utahitaji rangi za kujazia ua la katikati, na hapa ndipo inafaa kusema kidogo kuhusu aina za vigae, maana majina yanachanganya wanunuzi.

Vigae vyako vya sentimita 2 ni kioo cha kumimina, kwa kawaida unene wa milimita 4. Vigeuze uone: mgongo una mifereji, na kingo zimelala kidogo ili upande wa chini uwe mdogo kuliko wa juu. Mifereji si urembo. Kioo hakinyonyi, kwa hiyo gundi inahitaji mahali pa kujifunga kwa umbo. Ndiyo maana kigae kinawekwa mgongo chini daima, hata kama upande wa mifereji unakuvutia zaidi. Jamaa yake ghali ni smalti, kioo kizito kisichopitisha mwanga, humiminwa kama mkate bapa kisha hukatwa kwa nyundo juu ya tindo iliyosimikwa kwenye gogo. Uso unaoonekana ni pale kilipokatikia, na ndiyo maana hung'aa bila utulivu. Makanisa ya kale ya mji wa Ravenna, Italia, yamejaa smalti, pamoja na vigae vya dhahabu ambavyo ni jani jembamba la dhahabu lililobanwa kati ya vioo viwili. Kwa meza haifai: uso wake ni wa mabonde, na glasi ya maji haitasimama. Vioo vya dirishani vya rangi, unene wa milimita 3, ni vizuri ila ni laini mgongoni na vinaonyesha kila kilicho chini. Vioo vya kujitazamia visahau kwa nje. Rangi ya fedha ya nyuma huliwa na unyevu na huanza kuwa nyeusi kuanzia pembeni.

Kwa ua lako, kauri ngumu isiyo na ung'ao ndiyo ingekuwa chaguo langu. Rangi yake imepenya unene wote, ukiikata kingo hazionyeshi udongo mweupe, na mara nyingi huuzwa ikiwa na unene wa milimita 4 hadi 5, karibu sawa na kioo chako. Unene ni jambo ambalo wanaoanza hulisahau. Kigae cha ukutani cha milimita 7 kando ya kioo cha milimita 4 hutoa ngazi ya milimita 3, na sahani itakaa ikichezacheza.

Kata ndogo kadiri ya mahitaji, ila kumbuka mwanya unakula picha. Vigae vya milimita 20 vyenye mwanya wa milimita 2 huacha grauti ichukue asilimia 17 ya uso. Vikate viwe milimita 10 bila kupunguza mwanya, na grauti inafika asilimia 31. Karibu theluthi ya meza yako ni saruji, rangi zinafifia, na uchafu una makazi. Ukikata vidogo, bana mwanya uwe milimita 1.

Nyundo iweke kando. Nyundo hutoa vipande vyenye nyufa usizoziona, zitakazofunguka baadaye. Kwa kioo tumia koleo ya magurudumu mawili. Weka magurudumu kwenye mstari unaotaka, yameze theluthi ya kigae hadi nusu, kisha bana taratibu mpaka kioo kiitike. Ikianza kusaga badala ya kukata, legeza skrubu uzungushe magurudumu kidogo, makali mapya yatokee. Kauri ngumu ikatwe kwa koleo ya midomo, iliyoshika ukingo kwa milimita 2 au 3 tu. Ukiiingiza ndani zaidi unavunja hovyo. Miwani ya kukinga macho si hiari. Vumbi la kauri lina silika inayodhuru mapafu, kwa hiyo lowesha vipande kabla ya kukata, vaa barakoa ya vumbi, na futa meza kwa kitambaa kilicholoa badala ya kufagia.

Sasa msingi. Chukua ubao wa saruji wa milimita 12, aina inayotengenezwa kwa ajili ya mahali penye maji. Usikate wala kupiga msasa bati au ubao wa saruji wa zamani uliookota kwenye jengo bovu. Mbao za saruji za miaka ya nyuma mara nyingi zilichanganywa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Ubao wa milimita 12 hauwezi kujibeba wenyewe kwa sentimita 60, kwa hiyo uwe na fremu ya chuma chini, yenye msalaba katikati, na ufungwe kwa skrubu zisizoshika kutu. Jaribu kwa kuegemea mkono pembeni. Ukiona unapinda hata kidogo, ongeza kiungo; kupinda ni kubanduka kwa kesho. Kisha inamisha meza kidogo, milimita 6 kutoka upande hadi upande. Jicho halitaona, maji yataona.

Gundi iwe ya saruji kwa ajili ya vigae, nyeupe, na kwenye mfuko utafute alama C2TE S1. C ni saruji. 2 ni daraja la kushika lililoboreshwa, ambalo kioo kinalihitaji. T ni kwamba haitelezi, E ni kwamba inakaa wazi muda mrefu zaidi kabla ya kuota ngozi, na S1 ni kwamba inaweza kupinda kidogo bila kukatika. Gundi ya saruji haikomai kwa kukauka bali kwa saruji kuungana na maji, kwa hiyo kufungiwa chini ya kioo hakuizuii kukomaa kama ile nyeupe ya mbao. Rangi nyeupe ni muhimu. Ya kijivu hupenya kwenye kioo angavu na kuzima rangi zote.

Kilo moja ya unga inatosha meza hii. Tia maji kwenye ndoo kwanza, unga baadaye, kwa kipimo cha mfuko. Koroga, acha dakika 5, koroga tena. Usiongeze maji baadaye ikianza kukaza, itupe. Futa vumbi la ubao kwa sponji yenye unyevu. Paka kwanza tabaka jembamba kwa upande bapa wa mwiko wenye meno, ukikandamiza, ndipo uongeze na kuchana kwa meno ya milimita 3. Kwa kioo kinachopitisha mwanga, laza tena ile mistari ya meno kwa upande bapa, la sivyo utaiona milele. Paka eneo la viganja viwili tu, unaloweza kulimaliza kwa dakika 15. Gusa kwa kidole kila baada ya muda. Kidole kikitoka kikavu, ngozi imeshaota, kwangua upake upya.

Bandika, kandamiza, kisha fanya jambo ambalo watu hawalipendi: ng'oa kigae kimoja uangalie mgongo. Mahali pa nje mgongo unatakiwa uwe umefunikwa wote. Pengo chini ya kigae ni kisima kidogo. Gundi ikipanda kwenye mwanya isizidi theluthi ya kina chake. Iliyozidi itoe kwa kijiti ingali laini, maana grauti inahitaji nafasi.

Kama unataka uso ulionyooka kabisa, panga kinyume. Chora picha kwenye karatasi ya kaki ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, bandika vigae uso chini kwa uji mwepesi wa unga wa ngano uliopikwa, acha ukauke, kata karatasi vipande vinavyobebeka, kisha vigeuze juu ya gundi na kupigapiga kwa ubao bapa. Siku inayofuata lowesha karatasi, subiri ilainike, ivute sambamba na uso, usiivute kwenda juu. Osha uji wote kabla ya grauti. Faida yake ni kwamba nyuso zote zimelala kwenye karatasi moja, hivyo tofauti za unene zinakwenda chini, ndani ya gundi. Ukinunua vigae vilivyopangwa tayari, chagua vyenye karatasi usoni badala ya wavu mgongoni. Wavu na gundi yake hupunguza eneo la kushika, na baadhi ya gundi hizo hulainika kwenye maji.

Subiri saa 48, si 24, kwa sababu kioo hakisaidii kunyonya. Kwa mwanya wa milimita 2 tumia grauti laini. Yenye mchanga mkubwa hukwaruza kioo. Nusu kilo inatosha. Hapa kosa la kawaida ni maji mengi. Mchanganyiko mwepesi unaingia vizuri, unakufurahisha, kisha maji ya ziada yanaondoka na kuacha nyufa za unywele na rangi ya mabaka. Ufanye mzito kiasi cha kusimama. Sukuma kwa mpira bapa kwa kukingama na mianya, pande zote. Baada ya dakika 15 hadi 20 futa kwa sponji iliyokamuliwa sana, mkono mwepesi. Utando wa ukungu utakaobaki uufute kesho yake kwa kitambaa kikavu. Funika meza kwa plastiki siku mbili tatu ili saruji isikaushwe haraka na upepo. Kati ya vigae vya mwisho na ukingo wa chuma acha milimita 3 hadi 5, na uzijaze kwa silikoni isiyo na asidi, ile ya kuzibia inayobaki laini kama mpira, badala ya grauti. Mvua isiigonge kwa siku 7, na kitu kizito kisubiri wiki nne.

Meza ya ukubwa huu unaiweza mwenyewe. Mwite fundi wa chuma kama fremu inahitaji kuchomelewa au miguu inayumba. Kwa mozaiki ya bafuni, ya bwawa au ya ukuta mrefu, mtafute fundi wa vigae aliyezoea tabaka za kuzuia maji kabla hujabandika hata kimoja, kwa sababu huko kosa huonekana ndani ya jengo na si juu ya vigae. Na ukigonga mozaiki kwa sarafu ukasikia mlio wa utupu kwenye eneo kubwa kuliko kiganja, juu ya vichwa vya watu hasa, zuia watu wasipite chini yake na umwite fundi siku hiyohiyo. Mozaiki ya kale au ya jengo la kumbukumbu usiiguse kwa siki wala kisu. Hiyo ni ya mhifadhi wa makumbusho.